Ukuta Mweupe wa Kalavati

Siku hospitali ilipomrudisha mama nyumbani, hapa Komarock, daktari alituambia tumpe chakula chochote anachotaka. Nikajua wamenyoosha mikono. Mtu wa sukari, aliyenyimwa hata kijiko kimoja kwenye chai miaka nenda miaka rudi, leo anaambiwa ale roho inachopenda? Nilimlaza kwenye kitanda cha karibu na dirisha, nikamuuliza nimpikie nini. Nilidhani atasema mrenda, au samaki wa kukaanga.

"Nataka mtoto wangu," akasema.

"Si niko hapa, mama."

"Wewe nakuona. Nataka yule wa barabarani."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka sakafuni, nikakaa kando yake. Huyo mtoto kwetu hakuwa akitajwa. Baba alikufa bila kumtaja, na mimi nimezeeka nikijua kwamba kuna habari moja ambayo ukiigusa, mama anaingia jikoni na kufunga mlango.

Nitaieleza hapa maana wenye kuijua tumebaki mmoja.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, nasi tulikaa Muthurwa, kwenye nyumba za reli, chumba kimoja na bomba la maji la pamoja. Mdogo wangu alizaliwa hapo. Leo nauza shuka za mitumba kwenye soko la Muthurwa, na kutoka kibandani kwangu nikitaka naweza kwenda kuuangalia mlango wetu wa zamani kabla chai haijapoa. Siendi. Nikaangalie nini?

Mdogo wangu alikuwa bado hajaota meno siku habari ilipokuja kwamba nyanya yetu, mama yake baba, yuko taabani kule nyumbani, karibu na mpaka. Sasa, familia ya mtu wa reli ilisafiri bure kwa treni, na mke wa mtu wa reli kuonekana kwenye basi ilikuwa kama mke wa muuza nyama kununua nyama kwa jirani. Lakini treni ya siku hiyo ilikuwa imeshaondoka, na mama hakutaka kumkuta mkwe wake ameshazikwa. Akapanda basi. Mimi nikakaa katikati ya miguu yake, mtoto akampakata. Mtoto alikuwa na kahoma kadogo tu. Mama alisema ni meno yanakuja.

Tulipokaribia Webuye mtoto alinyamaza. Mama alijua pale pale. Aliniambia hivyo nilipokuwa mtu mzima, mara moja tu: alijua, akamfunika vizuri zaidi, akaendelea kumpigapiga mgongoni na kumwimbia, ili basi lisijue. Alikuwa akihesabu mji uliobaki na mji mwingine, akimwomba Mungu amfikishe tu. Na angefika, haki ya Mungu angefika, kama si mama mmoja wa kiti cha pembeni aliyetaka kumsaidia kumshika mtoto, akagusa mguu.

Ukelele ule ninao masikioni hadi leo. Basi zima lilisimama. Wengine walisema gari lililobeba maiti bila kujua lazima lipinduke, wengine wakasema mama ametaka kuwaua. Kondakta hakuwa na ubaya wowote usoni, hilo ndilo linaloniuma. Alitushusha kwa upole. Alishusha na kikapu chetu, akakiweka kando ya barabara, akasema, "Pole, mama," na gari likaondoka.

Pale palikuwa na kona iliyopinda ikishuka, na chini ya kona kalavati la kupitishia maji, lenye ukuta mweupe uliopakwa chokaa, na nyuma ya ukuta ukingo wa udongo mwekundu wenye mti wa mvule juu yake. Jua lilikuwa kali. Hakuna gari lililotaka kutubeba. Yalipunguza mwendo, yakaona, yakakanyaga mafuta. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani ndio walisimama. Kwetu mtoto ambaye hajaota meno haliliwi hadharani. Wanawake humzika upesi, wanaume hawaitwi. Basi walimwambia mama, dada, kwa jua hili hutafika naye. Wakachimba kwa majembe yao chini ya mvule. Mmoja alinipa ndizi mbivu ili ninyamaze, nikaila nimekaa juu ya ule ukuta, miguu ikining'inia. Ilikuwa tamu. Ndizi sijaipenda tangu siku hiyo.

Baba alipopata habari alisema neno moja tu: "Treni haimshushi mtu." Halafu akanyamaza miaka yake yote iliyobaki. Jamani, kuna watu wanajua kuua kwa neno moja! Mama alilibeba hilo neno kutoka Muthurwa hadi Njiru hadi Komarock, kila tulikohamia.

Lakini kila Desemba tukienda nyumbani, kwa basi, maana treni nayo ilikuja kufa, mama alikaa dirishani upande wa kushoto. Alikuwa anaijua ile kona macho yakiwa yamefumbwa. Gari likianza kulala upande, anaweka kiganja kwenye kioo na kusema kwa sauti ya chini, "Tunapita, mtoto wangu. Tutarudi." Kalavati linapita, mvule unapita, basi linapanda mlima. Mama anaondoa mkono na kuanza kutugawia mayai ya kuchemsha. Hayo ndiyo yalikuwa matanga ya mdogo wangu, mwaka baada ya mwaka.

Halafu wakaja kuinyoosha barabara. Tuliisikia redioni huku Nairobi, tukafurahi. Mimi nilifurahi kabisa, nani hapendi kufika mapema? Desemba ya kwanza ya barabara mpya, mama alikaa mahali pake, kiganja tayari kwenye kioo. Gari likaenda, likaenda. Barabara imenyooka, laini, hata chai haimwagiki. Mama akageuka, akamwita makanga.

"Kijana, ile kona iko wapi?"

"Mathe, kona ziliisha! Siku hizi ni kuteleza tu."

Watu wakacheka, hata mimi nilitabasamu kabla sijamwangalia mama. Alikuwa bado ameshika kioo. Tulipofika nyumbani mkono ulikuwa bado umekunjuka vile vile, na tangu mwaka huo hakwenda tena. Alisema mgongo unamuuma. Mgongo gani!

Na sasa, kitandani, akaniambia anataka mtoto wake. Alijua anachotaka. Kwetu mtu hurudishwa nyumbani hata kama imebaki mifupa, na mifupa ikiwa imekwisha, basi mtu wa damu yake huchota kwa mkono wake udongo wa pale pale alipolala, akaufunga kwenye nguo, ukazikwa. Hiyo inatosha kabisa. Mama alitaka azikwe na huo udongo ubavuni. Alitaka alale na mtoto wake ambaye alimwacha kando ya barabara kama mzigo uliozidi. Hayo ni maneno yake, si yangu.

"Na usikawie," akasema. "Mimi sina siku."

Kabla sijaondoka alinitaka nimpigie binamu yangu simu, yule anayekaa kwenye boma letu kule nyumbani. Nikamwekea simu sikioni. Nilidhani anataka kumsalimu.

"Siku yangu ikifika," akamwambia, "uwaambie vijana wachimbe pana. Pana, umesikia? Tutakuwa wawili."

"Mama, wewe! Mtu anaagiza kaburi kwa simu kama unga?"

"Nyamaza. Wewe nenda ukamlete."

Nilinunua leso mpya pale Muthurwa, nyekundu yenye maua meupe, nikamwacha mama na jirani yangu, nikasafiri. Njiani nilikuwa na furaha fulani ambayo leo inanitia uchungu kuikumbuka. Nilikuwa najiambia, angalau hili naweza. Dawa zilishindikana, maombi yalishindikana, lakini kuchota udongo nani atashindwa?

Nilishuka kwenye kituo kidogo ambapo barabara mpya inaiacha ile ya zamani. Upande wa barabara mpya malori yalikuwa yamepanga foleni ya kwenda mpakani, moja nyuma ya lingine, hadi macho yanachoka. Madereva wengine walikuwa wamelala chini ya trela, wengine wanaanika nguo kwenye kamba za turubai. Nikamwambia mwendesha bodaboda mmoja nataka kwenda barabara ya zamani.

"Ya zamani kuna nini huko, mama? Kule ni mbuzi tu."

"Wewe nipeleke kwa mbuzi."

Alicheka, akanipeleka. Mwanzoni ilikuwa bado barabara. Lami yenye nyufa, majani yameota katikati, mstari mweupe unaonekana na kupotea. Halafu ikaanza kuliwa pande zote. Mtu amelima mahindi hadi ukingoni mwa lami. Mwingine ameanika muhogo katikati, vipande vyeupe vimetandazwa njia nzima, pikipiki inapita kando kwa adabu. Mbuzi wamefungwa kwenye nguzo ya kibao kinachosema punguza mwendo. Kituo cha mafuta hakina pampu, kuku wanataga ndani. Mbele kidogo mtu ameijengea ua kabisa, ametia mikaratusi katikati ya barabara kuu ya kwenda nchi nyingine, na mwenye bodaboda akasema hapo ndipo mwisho wake. Nilimlipa, nikapita kwenye upenyo wa ua, nikaanza kutembea.

Nilikuwa nimeshaona makalavati, tena mengi kuliko nilivyodhani, na yote yana ukuta, na chokaa ilishatoka kwenye kila ukuta. Nikaanza kuchanganyikiwa. Nikampigia mama simu. Jirani akapokea, akamwekea.

"Uko wapi?" Sauti yake ilikuwa na nguvu ghafla, kama ya mtu aliyeamka kwenda sokoni.

"Niko kwenye lami ya zamani. Sijui hata naangalia nini."

"Kuna kilima cha mawe mkono wa kushoto?"

"Kipo. Mawe yamerundikana juu."

"Kiache. Endelea. Barabara itapinda kana kwamba inataka kukurudisha Nairobi. Umeona?"

Nikatembea na simu sikioni. Barabara ikapinda kama alivyosema. Wacha nikwambie, mama alikuwa kitandani Komarock, hawezi hata kugeuka upande wa pili bila kushikwa, na alikuwa ananiongoza hatua kwa hatua kwenye barabara ambayo serikali yenyewe imeisahau. Akaniambia sasa itashuka, ikashuka. Akaniambia utaona njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni, nikaiona, ng'ombe hakuna.

"Ukimaliza kushuka tu, kushoto. Ukuta mweupe."

Niliuona. Haukuwa mweupe tena, ulikuwa na ukungu wa kijani, na pembe moja imevunjika. Lakini niliujua. Mwili wangu uliujua, makalio yangu yaliujua, mahali pale pale nilipokaa na ndizi yangu.

"Nimefika, mama! Nimeuona ukuta!"

"Asante Yesu. Asante Yesu. Sasa angalia nyuma yake. Mvule unauona?"

Nikaangalia nyuma ya ukuta. Hapakuwa na mvule, wala ukingo wa udongo mwekundu. Hapakuwa na kitu cha kukanyaga. Kulikuwa na shimo kubwa, pana kuliko uwanja wa mpira, limechimbwa wima kama kwa kisu, na maji ya kahawia yametulia chini.

"Unauona? Ni mkubwa, huwezi kuukosa. Unauona?"

"Mama, mtandao unapotea," nikasema, nikakata.

Nilikaa juu ya ukuta. Nikasikia mtu anakohoa, kumbe upande wa pili wa lami kuna nyanya mmoja anageuza muhogo wake juani, ananiangalia. Nyuma yake kulikuwa na kibanda kilichoinama, na rafu tupu. Nilimwendea, nikamsalimu, nikamuuliza hapa nyuma ya kalavati kulikuwa na nini.

"Hapo? Kulikuwa na kilima, binti yangu. Wakati wa kujenga ile mpya, tingatinga zilikuja zikachimba udongo. Walikula kilima chote."

"Na makaburi?"

Akaacha kugeuza muhogo. "Una mtu hapo?"

Nikamwambia. Alinikalisha kwenye kigoda, akaniletea maji. Akasema gari lilipita siku kadhaa na kipaza sauti, likitangaza mwenye kaburi ajitokeze ahamishe watu wake. Wenyeji walihamisha. Yeye mwenyewe alimhamisha shemeji yake kutoka upande ule. "Yaliyobaki ni yale hayakuwa na mwenyewe."

Hasira ilinipanda, nikasimama hadi kigoda kikaanguka.

"Lina mwenyewe! Mwenyewe yuko Komarock, kitandani, ametoka kuongea na mimi sasa hivi! Nani alikuja Komarock na kipaza sauti? Nani alikuja?"

Nyanya aliinama, akakisimamisha kigoda. Hakuwa yeye aliyechimba. Barabara ilimtupa yeye pia. Aliniambia mabasi yalikuwa yanasimama pale mbele yake kunywa chai, na asubuhi moja akawasha jiko, akachemsha maziwa, na hakuna gari hata moja lililopita, ndipo akajua wamefungua ile nyingine. Maziwa yale alikunywa na paka.

"Udongo wenyewe ulienda wapi?" nikauliza mwishowe.

Akanyoosha kidole. Ng'ambo ya shimo, mbali kidogo, barabara mpya ilikuwa inakatiza bonde, imeinuliwa juu ya tuta refu, na juu ya tuta malori yamesimama mstari mmoja, vioo vinameta.

"Pale palikuwa kinamasi. Udongo wa hapa wote ndio walijazia pale."

Niliangalia lile tuta. Nikaanza kuhesabu Desemba zangu, nikaacha. Tulikuwa tunampita juu. Tulikuwa tunapita juu ya mdogo wangu tukila mayai, tukiisifu barabara, na Desemba ile ya kwanza mama ameshika kioo anamtafuta pembeni.

Nilishuka hadi kwenye tuta, nikiwa na leso yangu. Sijui nilitaka nini. Ubavu wake wote umepangwa mawe na kushikwa kwa saruji, hata kucha haiingii. Na hata ingeingia, mle ndani kuna kilima kizima. Ningechota upi? Nilipiga makofi kwenye yale mawe kama mtu anayebisha hodi, nikalia kwa sauti. Dereva mmoja aliinama kutoka juu akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia ndiyo.

Niliporudi, nyanya alinipa muhogo wa kuchemsha, akaniambia kwa huruma, "Chota tu hapa kando ya ukuta. Udongo ni udongo. Mgonjwa atatulia." Kusema kweli nilipiga magoti. Nilitandika leso. Nilishika udongo mkononi, mwekundu, mzuri, nani angejua? Kisha nikafikiria mama amelala ndani ya ardhi, milele na milele, amekumbatia udongo usio na mtu. Nikaumwaga. Nikakunja leso.

Huku Komarock mama alikuwa ameomba ainuliwe, aningojee akiwa ameketi. Nilimpa leso. Aliishika, akaifungua pole pole magotini, akapitisha kiganja juu ya maua. Aliinusa. Ilikuwa bado na harufu ya duka.

"Hukumpata."

Nikamweleza yote, shimo, kipaza sauti, tuta. Nilitaka kuficha nikashindwa, maana alikuwa ananiangalia kama wakati ule nilipokuwa mdogo nikitoka shule. Nilipofika kwenye malori alifumba macho.

"Kwa hivyo nilikuwa namkanyaga," akasema.

"Hukujua, mama. Hakuna aliyejua."

"Treni haimshushi mtu," akasema.

Nilitaka kupasua kitu. Baba ameoza kaburini na bado analisema! Nilimshika mama mikono, nikamwambia aache, nikamwambia baba alikosea, nikamwambia hata treni yenyewe iko wapi leo. Hakunisikia. Baadaye, nikiwa nimemlaza, ndipo akaniomba jambo la mwisho.

"Mkinipeleka, mtapita pale juu."

"Ndiyo, mama."

"Msimamishe gari. Mfungue mlango wa nyuma. Mniambie ni hapa. Nitamwita mwenyewe, atakuja. Mtoto anaijua sauti ya mama yake."

Nikaahidi. Niliahidi kwa roho yangu yote, na hicho ndicho kitu pekee kilichomtuliza. Alikufa kabla mwezi haujaisha, jirani anampepea na mimi namlowesha midomo kwa pamba. Leso ile ilikuwa chini ya mto.

Gari la maiti tulilikodi tukaondoka alfajiri. Nilizungumza na dereva kabla hatujawasha, akasema hakuna shida, mathe, ukiniambia simama, nitasimama. Kwetu anayekaa karibu na kichwa ndiye msemaji. Kila mto na kila njia panda anamwambia marehemu tulipofika, asije akaachwa nyuma. Basi mimi nilikuwa msemaji. "Mama, tumetoka Komarock. Mama, huku ndiko Muthurwa, kulia kwako." Tukapanda, tukashuka bonde, tukapanda tena. "Mama, tunavuka Nzoia." Hapo Webuye sikusema kitu. Nilipitisha mkono juu ya sanduku, pale mgongo wake ulipo, nikampigapiga.

Foleni ya malori ilianza mapema kuliko siku ile. Yalikuwa yamejaza upande wetu wote wa barabara, yamezima injini, na gari dogo likitaka kupita linaingia upande wa wanaotoka mpakani, linawasha taa na kuomba Mungu. Dereva wetu akaingia. Nikaanza kuona kilima cha mawe kwa mbali. Nikamwambia, dereva, karibu tunafika, jitayarishe.

"Nisimame wapi, mathe? Angalia mwenyewe."

Mbele yetu lori linakuja, linapiga honi. Kushoto ni foleni, kulia ni vyuma vya kando ya tuta, na chini yake ni bonde. Nyuma yetu magari mengine yameshaingia yanatusukuma.

"Simama! Nilimwahidi!"

"Nikisimama hapa tutazikwa wote!"

Akakanyaga mafuta, akapenya. Nilikuwa nimeweka uso kwenye kioo. Juu ya tuta, chini ya trela moja, dereva mmoja alikuwa amewasha jiko lake, amechuchumaa, anasonga ugali. Wale walikuwa wamesimama pale siku nyingi, wamelala pale, wamefua nguo pale. Sisi peke yetu ndio hatukuweza kusimama. Niliinama kwenye sanduku nikapiga kelele, "Mama, ni hapa! Mama, ni hapa!" Lakini nilipoinua kichwa tuta lilikuwa limeisha na tulikuwa tunapita kando ya mihogo ya watu.

Sikusema tena. Mito miwili midogo iliyobaki tuliivuka bila mtu kumwambia.

Kesho yake tulimzika. Niliweka leso ndani ya sanduku, miguuni, sikujua pengine pa kuiweka. Nyimbo zikaimbwa, kamba zikashikwa, sanduku likateremshwa, likalala upande mmoja. Ndipo nikaona. Shimo lilikuwa pana. Binamu yangu alifuata maagizo ya simu, na mimi katika mambo yote yale sikukumbuka kumwambia mambo yamebadilika. Alikuwa ameacha nafasi safi kabisa upande wa kushoto wa mama, ameisawazisha kwa mkono, hata ametandika majani ya mgomba.

Vijana wenye majembe walikuwa wanangoja. Binamu alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie:

"Wa pili yuko kwenye gari gani?"

Nilimwambia hakuna wa pili.

"Na hapa pembeni tuweke nini?"

"Jazeni tu udongo," nikasema. Wakajaza.